Siku Bosi Alipotokwa na Povu

Harufu ninayoikumbuka zaidi kutoka Lindi ya Kibera si ya mtaro wala ya moshi wa makaa, ingawa zote zilikuwapo tele. Ni harufu ya ukoko wa ugali uliolowekwa kwenye mchuzi wa omena, wale dagaa wa ziwani, ndani ya sufuria kuukuu nje ya mlango wa Mama Achieng. Hicho kilikuwa chakula cha Bosi. Ploti yetu ya Kibera ilikuwa na vyumba vya mabati vilivyotazamana, na katikati ujia mwembamba ambao watu wawili wenye ndoo hawakupishana bila mmoja kujibana ukutani. Bosi alilala katikati ya ujia huo kama mwenye nyumba, na watu wazima wakamruka. Alikuwa mbwa wa rangi ya udongo, sikio moja limesimama, jingine limelala. Hakuna aliyemleta. Alikuja akiwa mdogo, akapewa ukoko, akabaki. Kila nyumba ilimtupia kitu, watoto wote walimpa amri, na mpangaji aliyepata mgeni hakukosa kujisifu, "Huyo ni mbwa wetu, mwizi hapiti hapa."

Mwaka wa kisa hiki mama yetu alikuwa amezikwa nyumbani, Magharibi, kando ya baba aliyemtangulia. Shangazi zetu walipendekeza tugawanywe, kila mtoto kwa shangazi yake. Nilikataa. Niliacha shule nikiwa darasa la saba, nikarudi Lindi na wadogo zangu, Barasa na Nafula, nikaanza kufulia watu nguo upande wa Kawangware. Sikuwa na ujasiri wa kusifiwa. Nilikuwa mbishi tu. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na wetu majirani waliutazama, wakatuambia pole, wakaingia ndani. Si wote. Mama Achieng, mjane aliyeuza omena mbele ya ploti, alibisha mlango wetu kila jioni kuuliza kama tumekula, na hakuondoka mpaka aione sufuria kwa macho yake.

Mwingine aliyetushika mkono ni Bosi. Sijui mbwa huijuaje nyumba iliyopungukiwa. Alihama kutoka katikati ya ujia akaja kulala mlangoni petu. Asubuhi alimsindikiza Nafula mpaka lango la shule, akarudi mbio, kisha akanifuata mimi mpaka kwenye reli, akasimama akinitazama hadi nipotee. Jioni niliporudi, vidole vimechubuka kwa sabuni, nilimkuta papo hapo kwenye kokoto za reli. Mama Achieng aliniambia hakai pale mchana kutwa, ila anaijua saa yangu. Sikutaka kumsikia. Nilitaka kuamini kwamba yuko anayenisubiri tangu asubuhi.

Kuna jambo lililoaminiwa sana pale mtaani, kwamba mbwa akilishwa pilipili huwa mkali. Vijana wa kijiweni waliliapia kabisa. Barasa, mdogo wangu anayenifuata, alikuwa halali vizuri tangu mtu alipopita akaanua nguo zetu zote kwenye kamba, pamoja na leso ya mama. Basi Jumamosi moja alitwanga pilipili, akaichanganya na ugali wa moto, akampa Bosi, naye Bosi akala kwa sababu aliyempa ni Barasa. Mimi sikuambiwa.

Nilikuwa ndani nikikata sukuma wiki niliposikia mayowe. Nilipotoka, Bosi alikuwa amejibana kwenye kona ya bafu, povu likimdondoka, macho mekundu, akijikwaruza mdomo kwa miguu ya mbele na kumngurumia kila aliyesogea. "Ni kichaa cha mbwa hicho," mtu mmoja akasema, na kabla hajanyamaza akina mama walikuwa wamekwisha kuvuta watoto ndani. Wanaume wakaokota mawe. Siwalaumu hata leo. Ugonjwa ule unaua, na hakuna mzazi atakayeweka mbwa na mtoto wake kwenye mizani.

Keateka wetu, Baba Shiru, aliyesimamia ploti kwa niaba ya landlodi, alifika na mtaimbo mkononi. "Kwanza mniambie," akasema, "huyu mbwa ni wa nani?"

Mpangaji mmoja akasema, "Mimi humwona tu hapa."

"Si ni wa ile ploti ya chini?" akauliza mwingine, na huyo ndiye aliyempa jina la Bosi.

Barasa alinivuta sketi akaninong'oneza habari ya pilipili. Nikatazama yale mawe. Nikajua kwamba nikisema mbwa si mgonjwa hakuna atakayenisikiza, maana maneno ya mtoto hayazuii jiwe. Kilichotakiwa pale ni mwenyewe.

"Ni wangu," nikasema. "Amelishwa pilipili."

Baba Shiru alinipima kutoka utosini hadi kwenye ndara. "Wako? Na wewe mwenyewe ni wa nani?"

Nadhani hakukusudia kuniumiza. Alitaka mtu mzima wa kumshika kukitokea jambo. Lakini niliumia. Nafula alikuwa ameanza kulia nyuma yangu.

Mama Achieng aliinuka kwenye beseni lake la omena, akaja polepole akijifuta mikono kwa aproni. "Huyu ni nyathina," akasema, akitumia neno la kwao lenye maana ya mtoto wangu. "Msichana ni wangu, na mbwa ni wake. Ama bado uko na swali la paka, Baba Shiru?"

Mtu akacheka, na mkono mmoja wenye jiwe ukashuka.

"Na akiuma mtoto wa watu?"

"Utanishika mimi. Mlango wangu unaujua, kila mwezi unaubisha."

Alinikataza kumkaribia Bosi. Akajaza maji kwenye karai, akalisukuma kwa mpini wa fagio hadi kwenye kona. Bosi alikunywa mpaka karai likakauka, akapiga chafya, akanyanyua kichwa kuomba mengine. Wanaume wakayaangusha mawe chini, wengine wakicheka kwa aibu. Baba Shiru hakucheka. Alitafuta kamba, akaamuru mbwa afungwe mpaka aonwe na mtaalamu, na kwa hilo namshukuru pia.

Daktari wa mifugo tuliyemwita alikuwa mwanamke asiyepoteza maneno. Alisema kunywa maji hakuthibitishi chochote, na kwamba povu la pilipili na povu la ugonjwa huwezi kuyatofautisha kwa macho. Tulipaswa kumfunga kwa kamba ndefu, pahali penye kivuli, tumtazame kwa siku alizotuagiza, kisha achanjwe, na achanjwe tena kila mwaka. Akamgeukia Barasa. "Pilipili haimfundishi kitu. Mbwa mwenye maumivu hajui nani mwizi na nani mtoto." Barasa alilia waziwazi. Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyebadilisha maji ya Bosi kila asubuhi kabla hajanywa chai yake.

Bosi alikuwa mzima. Ila hakuwa tena mbwa wa ploti. Alikuwa mbwa wangu, mbwa wa Nekesa. Akichafua ujia, naitwa mimi. Akibweka mtu amelala, mlango unaogongwa ni wangu. Wakati mwingine nilichoka kuitwa, lakini kila nilipoitwa nilijua kwamba nami nina mahali nilipoandikishwa, kwamba kuna mtu aliyesema mbele ya watu kuwa mimi ni wake. Miaka baadaye tulipohamia Kawangware, huku Gatina, tulizunguka sana kabla ya kupata ploti iliyomkubali mbwa. Alizeeka huku, meno yakamtoka, Nafula akawa anampondea chakula. Alikufa akiwa na wenyewe watatu.

Siku hizi naishi ghorofa ya tatu, na nina cherehani yangu karibu na steji ya magari. Barasa ni fundi wa mabomba, Nafula anafundisha chekechea. Chanjo ni rahisi kupata kuliko zamani, na hata kola za rangi zinauzwa barabarani. Lakini Krismasi ikifika watu huenda mashambani, nami husikia mbwa wa balkoni ya pili akilia wiki nzima, mpaka nimpelekee keateka maji ampe. Shukrani yangu imegeuka kuwa kazi hiyo ndogo.

Mama Achieng alirudi kwao kando ya ziwa. Juzi alinipigia simu, tukazungumza habari za mvua na magoti yake, kisha akaniuliza kama nimepata mbwa mwingine. Nikamwambia la, nashinda kazini, na ngazi hizi si mahali pa kumfungia kiumbe.

"Basi, nyathina," akasema, "umejua kufuga."