Asubuhi Niliyowaacha Kwelea Wamalize Tasbihi

Theluji imeanguka siku nne mfululizo katika jiji hili analoishi mwanangu, na miguu yangu imekataa kutulia. Nikiketi nainuka. Nikishaswali adhuhuri nasimama dirishani, narudi kitini, nasimama tena. Mwanangu alinileta huku baada ya mama yake kufariki, akisema mzee hawezi kuachwa peke yake Tabora. Namshukuru, na namshukuru Mungu aliyenipa mtoto mwenye huruma. Lakini mwili una mambo yake, ndugu yangu. Unatafuta pa kwenda hata pasipokuwa na pa kwenda.

Juzi mjukuu wangu wa kike akanichukua kwenda bustani ya jiji kutazama ndege. Alinivisha koti la baba yake, glavu na kofia ya sufu, nikabaki macho tu. Bustani yote ilikuwa nyeupe, miti haina jani hata moja, na bwawa lilikuwa limeganda, bata wanatembea juu yake kwa tahadhari kama wazee wanaotoka bafuni. Mjukuu akafungua mfuko wa mbegu, akazimwaga juu ya theluji. Haukupita muda shomoro wakashuka, kwanza watano, kisha kundi zima, wakidonoa na kugombana. Basi mikono yangu ikapiga makofi yenyewe, na mdomo ukatoa ukelele ambao sikuwa nimeutoa tangu utotoni. Ndege wote wakaruka. Mama mmoja aliyekaa kwenye benchi akanikata jicho.

"Babu! Mbona unawafukuza wageni wangu?"

"Nisamehe. Ni mazoea."

"Mazoea gani ya kuwaonea ndege wenye njaa?"

Tukangoja warudi. Nilikuwa nahama mguu huu na huu, theluji ikilia chini ya viatu, na katika kungoja kule nikajikuta niko kwenye majaruba ya mpunga ya bibi yangu, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka stesheni ya Igalula.

Wewe uliyekulia upande ule unajua mambo yanavyokuwa mpunga unapoanza kutia maziwa. Kwelea huja kwa maelfu, wanageuka angani wote pamoja kama moshi uliopigwa na upepo, na shamba walilotua kwa nusu saa huwa limebaki majani. Kwa hiyo watu huamia, hushinda shambani wakiwafukuza. Bibi alikuwa na dungu katikati ya majaruba, jukwaa la miti lenye paa la nyasi, na kutoka pale kamba zilisambaa pande zote zikiwa zimefungwa makopo matupu. Ukivuta kamba, makopo yanalia shamba zima. Tulikuwa na debe la kupiga, na kombeo la kurushia vidonge vya udongo. Tulianza kabla jua halijatoka, katika baridi ya kipupwe inayouma vidole, tukamaliza magharibi na sauti zimekauka. Chakula tulikula hukohuko, matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na karanga, na bibi alitafuna huku shingo yake ikigeuka kila upande. Jirani wa majaruba ya pili akituamkia kwa mbali, "Mwangaluka!", bibi alimwitikia bila kumtazama.

Alikuwa na sababu ya kutotulia. Msimu uliotangulia ndege walikuwa wamemaliza karibu shamba lote, na baba yangu, aliyekuwa na duka mjini Tabora, alimwambia waziwazi: wakimaliza na safari hii, unaacha shamba, unakuja kukaa kwangu. Bibi alikubali, kwa sharti kwamba nipelekwe mimi nikamsaidie kuamia. Nilikuwa na miaka minane. Nilijua vizuri nini kilitegemea makelele yangu.

Lakini nilikuwa pia mtoto wa chuo. Mwalimu wetu wa Kurani alitufundisha kwamba ndege nao humsabihi Mola wao, kila mmoja kwa namna anayoijua, na alfajiri ndipo wanapozidisha. Alilisema kwa sauti ya chini, macho ameyafumba, na mimi nililibeba neno lile hadi Igalula.

Asubuhi moja bibi alikwenda kisimani mapema akaniacha peke yangu juu ya dungu. Kwelea wakaja. Walitua kwanza kwenye miti ya miiba kando ya shamba, wakajaza kila tawi, na wakaanza kulia wote kwa pamoja. Sijui nikuelezeje sauti ile. Ilikuwa kama chuo chenye watoto elfu, kila mmoja anasoma sura yake. Mkono wangu ulikuwa kwenye kamba. Nikauachia. Nilisema moyoni, nani mimi hata niikatishe ibada? Nikasubiri wamalize. Nilidhani ndege nao watatoa salamu kulia na kushoto, ndipo na mimi nianze kazi.

Hawakutoa salamu. Walimiminika kwenye mpunga, na bado mimi nilikuwa nasikiliza. Nilizindukana niliposikia debe. Bibi anakuja mbio, khanga imemvuka kichwani, anapiga kama anayezima moto. Majaruba matatu kati ya matano yalikuwa yamekwisha.

Hakunipiga. Aliketi juu ya tuta akahema. "Mume wangu," alisema, maana ndivyo alivyoniita siku zote, "leo umewakaribisha mpaka ndani."

Baba alikuja kwa treni wakati wa mavuno. Aliyazunguka yale matatu yaliyoliwa, kisha akasimama mbele ya bibi.

"Mama, ilikuwaje?"

"Nilisinzia," bibi akasema. "Nilikuwa juu ya dungu nikapitiwa na usingizi, wakaingia."

"Basi si ndiyo ninayosema? Anayesinzia mchana hivi nitamwachaje porini peke yake?"

Nilikuwa nimesimama kati yao, mdomo umejaa matobolwa. Bibi hakunitazama. Na mimi sikumeza wala sikusema.

Alihamia mjini mwezi uleule. Alipewa chumba kizuri uani, kitanda cha besera, na kila mtu alimheshimu. Lakini hakuwahi kutulia. Kila bawa lilipopita juu ya ua aliinuka, akapiga makofi mawili, akakaa, akainuka tena. Wake wa jirani walimcheka kwa upole. Mimi nilikuwa naondoka nisione.

Nilimwambia nikiwa nimeshaanza kufundisha watoto Kurani, yeye hatoki tena kitandani. Nilimweleza yote, kamba, tasbihi, uongo wake ulioniokoa. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Unadhani sijui? Nilikuwa nimesharudi kutoka kisimani. Nilisimama nyuma yako, kando ya shamba, na debe mkononi."

"Sasa mbona hukupiga, bibi?"

"Ulivyonyamaza vile! Nikasema ngoja na mimi nisikilize kidogo."

Wakaingia wageni kumjulia hali. Tukapeana shikamoo na marahaba, maneno yakapotelea hapo. Alifariki baada ya wiki mbili, Mungu amrehemu.

Majaruba yale yana wenyewe wengine sasa. Nasikia madungu hayajengwi tena, kwelea hupuliziwa dawa kwa eropleni, na shamba hunyamaza mara moja. Nimefundisha tafsiri miaka mingi, nimeulizwa mengi na nimeuliza mengi. Lile moja, bibi alisikia nini asubuhi ile hata akaacha mpunga wake uende, sikuliuliza.