Kitenge Chenye Uso wa Rais

Harufu ya pasi ya moto juu ya kitenge kipya hunirudisha Malvern, mtaa wa Johannesburg, kwenye duka la baba, fundi cherehani kutoka Kongo. Tulikuwa tunangoja kuitwa Marekani. Siku moja redio ikasema rais mpya wa huko amewafungia wakimbizi mlango. Baba akakitazama kitenge cha ukutani, chenye uso wa rais aliyetoka, akitabasamu. Fundi wa kwetu hapitishi mkasi kwenye uso wa mtu.

"Huyu alikuwa mtu wetu," akasema.

"Mtu wetu, baba watoto? Na miaka yake yote si tulingoja?"

Mama akachukua mkasi, akaupasua uso katikati, akashona foronya mbili.

Nusu ya tabasamu lile baba aliilalia mpaka tulipomzika, hapa hapa Johannesburg.