Nyasi za Paa la Jiko

Wiki iliyopita jirani yangu hapa Makanyagio alipanda stroberi nyuma ya nyumba, akaniita nikazione. "Dada, nitandaze nini chini yake? Huyu ananiambia nailoni nyeusi, yule ananiambia pumba." Nilimjibu neno moja tu, nyasi, nikaaga haraka. Mimi si mtu wa maneno mengi. Lakini wewe nitakuandikia, maana kwenye karatasi hakuna anayeniangalia usoni.

Nilikuwa darasa la tano, naishi na bibi yangu Kabungu. Mwalimu wetu wa sayansi alirudi kutoka likizo Mbeya na miche ya stroberi kwenye kopo la maziwa, akampa bibi kwa kumshukuru, kwa sababu bibi alikuwa akimpelekea maharage mabichi. Bibi aliigeuza geuza, akacheka. Aliniita mwananje, yaani mwanangu, kwa Kirundi cha wazazi wake. "Yoo, mwananje, meno yangu yamezoea muhogo. Tuta hili liwe lako."

Sikuwahi kuwa na kitu changu peke yangu. Hata kandambili nilikuwa napokezana na dada yangu.

Tuta lilikuwa karibu na jiko la bibi, jiko la udongo lenye paa la nyasi. Nilimwagilia asubuhi kabla ya shule na jioni tena, huku moshi wa kuni na harufu ya maharage vikinipita. Maua yakatoka, meupe, madogo. Tunda la kwanza likakua likalala chini kwenye udongo. Siku niliyodhani limeiva nililigeuza, nikakuta upande wa chini umeoza, na jongoo amejikunja ndani yake. Nililia kama nimefiwa.

"Mtoto humlazi kwenye udongo mtupu," bibi akaniambia. "Litandikie."

Nilitandikie nini sasa? Nilianza na pumba za mpunga, nikazoa mfuko mzima mashineni. Kumbe ndani yake mna chenga za mchele. Kuku wa kijiji kizima wakapata habari, wakaparua mpaka mizizi. Nikaweka mabua ya mahindi. Siku ya nne niliinua bua moja, nikakuta mchwa wamejenga kana kwamba wamegawiwa kiwanja. Majani makavu ya miti ya porini nayo upepo wa kiangazi uliyapeleka kwa jirani. Nikabaki na miche minane, na matunda matano ambayo yalikuwa bado meupe.

Nyuma ya jiko kulikuwa na matita ya nyasi za kuezekea. Bibi alizikata mwenyewe bondeni kwa mundu, mgongo ukimuuma, akazifunga na kuzipanga juu ya magogo ili mchwa wasizifikie. Zilikuwa za kurudishia paa la jiko kabla ya mvua. Baba mdogo alikuwa aje kutoka Sitalike kuezeka. Nyasi zenyewe ndefu, safi, hazina mbegu, zinanukia jua.

Nilichukua tita moja. Lilitosha nusu ya tuta. Nikachukua la pili, halafu mengine, na zote nikazikata vipande vifupi kwa panga ili zikae vizuri chini ya matunda. Nyasi ikishakatwa vipande haiezeki tena. Nililijua hilo, nikakata.

Baba mdogo alifika Jumamosi kwa baiskeli. Alizunguka jiko, akarudi mbele.

"Mama, nyasi ziko wapi? Zilizobaki hazifiki hata nusu ya paa."

Nilikuwa nimekaa mlangoni nachagua mchele kwenye ungo. Bibi alitazama tuta, kisha akanitazama mimi. Niliinamisha uso kwenye ungo.

"Nimezitumia mimi," bibi akasema.

"Wapi?"

"Nimewatandikia watoto wangu wale pale."

Baba mdogo akajipiga paja. "Matunda ya wazungu! Mama, umezeeka vibaya. Mvua ikija utapika umeshika mwavuli."

"Nitashika. Na wewe utakuja kula hivyo hivyo."

Walicheka wote wawili. Bondeni moto ulishapita, hapakuwa na nyasi nyingine ya kukata. Baba mdogo aliezeka upande mmoja, akaenda zake.

Matunda matano yaliiva, mekundu, makavu, bila doa upande wa chini. Nilimpelekea bibi kwenye sahani. Alikula moja, akakunja uso, akasema linachachuka kama ukwaju, mengine akanirudishia. Kisha mvua ikaanza. Bibi alihamishia mafiga kwenye kona kavu, karibu sana na ukuta, na moshi ukamtoa machozi masika yote. Wapita njia walimwita Bibi Stroberi. Aliwaitikia. Mimi nilikuwa nachota maji yaliyojaa kwenye beseni la mvujo nikiyamwaga nje, nasubiri aniulize. Mtu mwenye haya akiulizwa anakuwa amesaidiwa. Hakuniuliza kamwe.

Jiko lile halipo tena, pamejengwa la bati. Bondeni pamelimwa mpunga, na ukitaka nyasi ndefu kama zile utatembea mpaka uchoke. Bibi alifariki mwaka niliomaliza darasa la saba. Msibani wanawake waliisimulia habari ya nyasi, wakacheka katikati ya kilio: jinsi mzee alivyoanza kuchanganyikiwa mpaka akaezua paa lake kwa ajili ya matunda. Nilikuwa napakua ugali. Nilisikia kila neno, nikaendelea kupakua.

Ndugu zangu wanaamini hivyo mpaka leo. Bibi hakuchanganyikiwa hata siku moja. Nyasi nilizichukua mimi.