Kikomo cha Abiria

Wiki moja kabla ya Krismasi nilimwondoa getini mama aliyekuwa akihesabu abiria wetu. Sikumwondoa kwa mdomo. Niliandika barua, ukurasa mmoja wa Kiswahili kilichonyooka, nikaambatanisha na karatasi ya ushahidi. Nikiikumbuka barua ile mpaka leo masikio yananichoma.

Kampuni yetu ilikuwa na boti moja ya kwenda visiwani, yenye kibali cha kubeba watu mia mbili na hamsini. Mimi nilikuwa mtu wa mifumo, peke yangu, kwenye chumba chenye feni mbovu juu ya ghala, hatua chache kutoka gatini. Mwezi wa kumi tulihamishia uuzaji wa tiketi kwenye seva mpya, ili mawakala wa Nyegezi, Usagara na Ilemela wauze kwa simu zao. Kwa asiyeijua kazi hii, sehemu yake kubwa ni kujaza mipangilio: faili refu, na kila mstari unaiambia seva jambo moja. Isubiri malipo dakika ngapi. Ifunge mauzo saa ngapi. Kikomo cha abiria kwa safari: 250. Mstari huo niliuandika mwenyewe, nikausoma mara mbili, nikaenda zangu kunywa chai.

Fujo za getini zilianza wiki hiyo hiyo. Mama wa getini alikuwa Mkerewe, umri wa mama yangu mzazi, na kazi yake aliifanya kwa ndoo mbili za rangi. Moja ilikuwa na visoda mia mbili na hamsini. Abiria akipita, kisoda kimoja kinahamia ndoo ya pili. Visoda vikiisha, geti linafungwa, hata uje na kilio. Zamani visoda na tiketi viliisha pamoja. Sasa visoda vikawa vinaisha huku watu bado wamesimama na tiketi halali mkononi, wanatukana, wanatupiga picha na kututangaza mitandaoni.

Alipanda ngazi kuja kuniona mara moja tu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, watu wako wanazidi."

"Mama, mashine haikosei kuhesabu."

"Sijasema inakosea kuhesabu. Nimesema watu wanazidi."

Nilimwona mbishi. Bosi aliponiita kuuliza kama mfumo unauza kupita kiasi, nilimchapia ukurasa wenye ule mstari, nikauzungushia wino mwekundu. Sasa kama mfumo hauzidishi, anayezidisha ni nani? Nikaandika kwenye barua kwamba bila shaka mama yule anawapitisha watu wa kwao bila tiketi. Sikuwa nimemwona akimpitisha hata mmoja. Nilikuwa na hasira tu kwamba mtu mwenye ndoo anabishana na seva yangu. Nyani haoni kundule.

Alhamisi akahamishiwa jikoni kuwapikia wafanyakazi chai. Getini akasimama mlinzi mwenye kimashine cha kusoma tiketi: ikiwa halali, taa ya kijani, pita.

Jumamosi, saa tatu asubuhi, wakala wa Nyegezi alinipigia simu.

"Mkuu, samahani. Kuna mteja nimemkatia ya boti ya saa nne, yuko kwenye bodaboda anakuja huko. Tiketi imetoka namba mia tatu na nane. Iko sawa hiyo?"

Nilicheka. Nikamwambia asome vizuri. Akasoma tena, tarakimu moja moja.

Nikafungua faili. Mstari wangu ulikuwepo, 250, kama nilivyouacha. Ndipo nikafanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya siku ya kwanza: nikaiuliza seva yenyewe, wewe sasa hivi unafuata mipangilio gani? Ikanitolea orodha. Kikomo cha abiria: hakuna. Chini yake ikaandika na mahali ilipoisoma mipangilio hiyo, na hapakuwa kwenye faili langu. Siku ya kuisimika seva ilibaki nakala nyingine ya faili hilo, yenye jina lile lile, kwenye folda nyingine, na mstari wa kikomo ukiwa mtupu. Seva ilikuwa inasoma hiyo tangu mwanzo. Na mstari mtupu, kwake, maana yake ni uza mpaka wanunuzi waishe. Faili langu halikuwa limesomwa na yeyote kwa miezi miwili, isipokuwa mimi na bosi.

Nilikodolea macho neno "hakuna" nikitumaini litabadilika. Watu wa kando ya ziwa hili hawahitaji kuelezwa boti iliyozidisha watu ni kitu gani. Kila mtaa una nyumba inayojua.

Nikafunga mauzo, nikashuka ngazi mbio. Getini kimashine kilikuwa kinawaka kijani, kijani, kijani. Boti ilikuwa imeshajaa mpaka watu wamekaa juu ya mizigo. Nikamfuata nahodha, nikamwambia washushwe. Akanitazama kama mtu aliyelewa asubuhi.

"Wote wana tiketi halali. Si ninyi mlisema kazi ya getini iachiwe mashine? Ukitaka washuke, washushe mwenyewe."

Nilijaribu. Abiria wakanizomea. Mmoja akaniuliza mimi ni nani.

Nikakimbilia jikoni. Mama alikuwa anasuuza vikombe.

"Mama, wanazidi," nikasema.

Alifuta mikono kwenye kitenge, akachukua ndoo zake, akatangulia. Alipofika botini hakupaza sauti sana.

"Wanangu, mnanijua. Boti hii haiondoki hivi. Tunashuka wote, tunapanda upya nikiwaona."

Walinung'unika, walimlaani mtu wa mtandao, lakini walishuka. Akaanza kuhesabu, kisoda kwa kisoda, na mimi nimesimama pembeni yake nikiwa bado siamini. Boti iliondoka saa tano. Watu hamsini na nane walibaki gatini na magunia yao ya mchele na kuku wa sikukuu. Walinitukana, na nilistahili kila neno.

Nilianza kumwomba msamaha. Nilikuwa nimefika "mama, ile barua" aliponikatisha.

"Ya jana ilibeba wangapi?"

"Jana?"

"Jana sikuwa getini, mwanangu. Na juzi."

Mpaka hapo, naapa, jana haikuwa imenijia akilini. Nilipanda ngazi, nikafungua hesabu za siku hizo mbili. Alhamisi, mia mbili tisini na tatu. Ijumaa, mia tatu thelathini na nne. Ijumaa nilikuwa nimembebea mke wangu mabegi mpaka getini, yeye na wanetu wawili, wakienda kwao kwa sikukuu. Nilikuwa nimewapungia mkono.

Nikampigia. Nikamuuliza safari ilikuwaje.

"Si nilikwambia jana tumefika salama?" akasema. "Tulibanana tu. Jaketi okozi ziliisha kabla hazijatufikia, na katikati palichafuka kidogo, watoto nikawashikilia hivyo hivyo. Lakini hongera, mume wangu. Geti siku hizi halina kelele, unapita mara moja. Nilimwambia abiria niliyesimama naye kwamba ile ni kazi yako."

Nikamwambia asante.