Dagaa wa Kuku Arobaini

Mama yangu alikuja Mpanda kung'oa jino. Siku ya pili akaniuliza kuku wangu wako wapi.

Sina kuku. Sijawahi kuwa na kuku. Hata yai kwangu liliingia mara ya mwisho mwaka jana.

Lakini nyuma ya mlango wangu kulikuwa na kiroba cha dagaa wa kuku, kiroba cha tatu, kimebaki nusu.

Vile viwili na nusu nilikula mimi.

Mnivumilie. Naitwa Salvatori, mwalimu wa hesabu sekondari moja hapa Mpanda, mzaliwa wa Ikola kule ziwani. Kama uko mezani, malizia kwanza sahani yako ndo urudi.

Nilisoma chuo kwa mkopo. Bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu, likiingia tunajiona matajiri, chipsi kuku kila jioni, viatu vipya. Hakuna aliyefikiria kwamba tunakula mishahara yetu ya baadaye.

Nilipoajiriwa, Bodi ya Mikopo wakaanza kukata asilimia kumi na tano kila mwezi kabla hata sijaiona hela yenyewe. Nikapiga hesabu, nikaona nitalipa mpaka niote mvi.

Na mimi nilikuwa na haraka.

Mama yangu, Mama Marta, anaanika dagaa Ikola tangu sijazaliwa. Mgongo umeinama, macho mekundu kwa jua na vumbi. Nilimwahidi kwamba nikimaliza tu hili deni nakopa benki, namfungulia duka, anaachana na mchanga.

Akacheka. "Haya baba, fanya haraka basi. Na mimi sizeeki taratibu."

Kwa hiyo nikaamua kulipa zaidi ya ninachokatwa. Nikaingia kwenye msoto wa kujitakia.

Kipande kimoja cha sabuni kwa kuoga, kufua na vyombo. Majani ya chai niliyaanika juu ya bati, kesho nachemsha yale yale. Kwenye misiba nilifika mapema kuliko ndugu wa marehemu, na nilijua sufuria la wali liko upande gani. Shuleni nilikomba ukoko wa uji wa wanafunzi huku najifanya nakagua jiko.

Halafu kwenye grupu la walimu nikawa mshauri. "Wakuu, maisha ni kukaza." Watu wananitumia dole gumba, mimi nafurahi. Yule Salvatori wa enzi zile nikimkumbuka leo natamani kumzaba kofi.

Sasa njoo kwenye dagaa.

Kila mwezi mama alinitumia ndoo ya dagaa kwa basi. Dagaa wa chanja, walioanikwa juu kwenye nyavu, wakavu, wanang'aa, hata punje ya mchanga huipati. Mfuniko aliufunga kwa uzi wa nyavu wa kijani, fundo mbili halafu kitanzi, ili konda asidokoe njiani.

Miezi miwili ya mwanzo niliwala. Mwezi wa tatu hesabu zikanipanda kichwani, nikaibeba ndoo mpaka kwa Makarius, muuza dagaa wa pale sokoni. Akanusa, akamega mmoja, akatoa hela bila kubishana.

Pale miguuni pake kulikuwa na viroba vimepangwa.

"Na hawa?"

"Hao wa kuku, ticha. Wale wa kufagia chini, wazuri wakishatolewa."

Akanitajia bei. Ilikuwa ndogo mpaka nikamwomba arudie.

"Kwani una kuku wangapi?"

"Arobaini," nikasema, bila kupepesa.

Mnajua kinachofagiwa kule ziwani, chini ya chanja? Mimi nimekulia pale, kwa hiyo sina pa kujitetea. Mbuzi wanapita. Bata wanapita. Watoto wakibanwa wanachuchumaa pembeni tu hapo. Vichwa, magamba, mabuu yaliyokauka, manyoya ya kunguru, vyote vinaingia kwenye ufagio mmoja na vyote vinaishia kwenye kiroba.

Wiki ya kwanza nilichambua. Wiki ya pili nikachoka kuchambua.

Nikagundua ukikaanga na kitunguu kingi na pilipili, pua inanyamaza. Mchanga nao una mbinu yake. Husagi meno mpaka mwisho. Unausukuma kwa ulimi mpaka kwenye kona ya mdomo, unageuza kichwa kidogo, unautema pembeni bila hata kuangalia. Nikawa fundi. Mbaya zaidi, nilijivunia.

Nimekula hivyo miezi minane.

Mama akipiga simu, "Dagaa wamefika?"

"Wamefika mama."

"Watamu?"

"Watamu sana, Mungu akubariki."

Na muda huo ndoo iko kwa Makarius, imeshakuwa hela, na hela imeshaenda kwenye deni.

Basi, mwezi Julai mama akapiga kusema jino limepasuka, hali wala halali. Ametafuna jiwe kwenye wali, akasema. Nikamwambia apande basi aje.

Hospitali wakaling'oa siku hiyo hiyo. Akatoka shavu limevimba, kashikilia pamba. Nikampa kitanda, nikamnunulia maziwa nusu lita na ndizi mbivu, na nawaambia ukweli wa Mungu, ile hela iliniuma. Mama mzazi, kang'olewa jino, mimi nauliza ndizi nne zinapungua mpaka ngapi.

Kiroba nilikuwa nimekisukuma nyuma ya mlango, nikakifunika na koti.

Kesho yake asubuhi, kabla sijaenda kazini, akashika ufagio. Nikasikia unafagia, unafagia, halafu ukasimama.

"Salva. Kuku wako wako wapi?"

Nilikuwa nafunga kamba za viatu. Nikafunga upya.

"Wako kwa jirani, mama. Tunafuga kwa ubia."

"Twende nikawaone."

Jirani yangu ni Tereza, ana banda lake la kuku nyuma ya choo. Nikamkonyeza. Akabana kicheko, akasema, "Ee mama, karibu. Kuku wa mwalimu hawa."

Mama alikuwa amebeba bakuli. Akawamwagia dagaa wa kwenye kiroba.

Kuku wakaja mbio, wakadonoa, halafu wakaanza kuchagua. Nyie, kuku wanachagua. Walibeba vichwa na miili, wakaacha kifungu cha vitu vyeusi, magamba, na vidude fulani vya mviringo, vikavu, ambavyo kila aliyewahi kuchunga mbuzi anavijua.

Mama akaviangalia vile vilivyobaki. Halafu akaniangalia mimi, mdomoni.

Vile vilivyokataliwa na kuku, mimi nilikuwa navikaangia kitunguu.

Nikaondoka kwenda kufundisha. Siku nzima niliandika ubaoni.

Saa kumi narudi, nikapokelewa na harufu ya kitunguu toka nje. Koti liko sakafuni. Kiroba kiko wazi. Mezani kuna ugali na dagaa, na mama amekaa ananisubiri.

"Mama, umepika wale?"

"Nimepika nilichokikuta. Nawa mikono."

"Mama, wale ni wa kuku."

"Kuku gani? Tereza nimemuuliza ulivyoondoka. Yule mama hawezi kumdanganya mtu mzima mara mbili."

Nikakaa.

Akakata tonge, akachovya, akala. Alitafunia kushoto kwa sababu kulia kidonda bado kibichi. Mimi nimemkazia macho, nasubiri ateme, nasubiri anitukane.

Hakufanya hata kimoja. Ulimi wake ukasogea kwenye shavu, kichwa akakigeuza kidogo, akatema mchanga pembeni. Bila kuangalia.

Akakata tonge lingine.

Mkono wangu ukabaki kwenye bakuli la kunawia. Ile mbinu ilinichukua wiki nzima kuiweza, na mama alikuwa anaifanya vizuri kuliko mimi.

"Mama," nikasema. "Wewe unakula hawa?"

Akameza kwanza. "Toka umeajiriwa."

"Kwa nini?"

"Wa kwenye chanja wengi ni wa mwenye mtumbwi. Fungu langu ni dogo, na hilo fungu ndiyo ndoo yako. Mimi nafagia. Nusu nashona kwenye viroba nauza, nusu naweka ndani nakula. Nikasema meno yangu yenyewe yameshazeeka, mtoto anasimama darasani kutwa, ale yeye."

"Na jino?"

"Jiwe lilikuwepo. Ila wali haukuwepo."

Akavuta kile kiroba mpaka miguuni pangu. Mdomoni mwa kiroba ulikuwa bado unaning'inia uzi wa nyavu wa kijani. Fundo mbili, halafu kitanzi. Miezi minane nilikuwa nakata uzi ule ule kwa wembe na sijawahi hata kuuangalia.

"Asubuhi nilivyoinua koti niliujua mkono wangu," akasema. "Nikakuuliza kuku wako wapi kwa sababu nilikuwa namwomba Mungu wawepo."

Akakisukuma kiroba kwa mguu.

"Sasa ndoo zangu ziko wapi, Salva?"

Nikamwambia. Makarius, hela, deni, duka nililomwahidi, vyote.

Akaweka tonge chini. Akachukua maji, akasukutua, akatema nje mlangoni, akasukutua tena.

"Kwa hiyo mimi nimekula uchafu. Wewe umekula uchafu. Na watu nisiowajua wamekula dagaa wangu." Alisema taratibu, kama anayehesabu wanafunzi. "Unanitia kinyaa, mwanangu. Na mimi mwenyewe najitia kinyaa."

Nilitoka mbio. Nikatapika nyuma ya choo mpaka nikashika ukuta. Kuku wa Tereza wakaja kuangalia, wakazunguka, wakaondoka. Hawakugusa kitu.

Siku ya tatu nikampeleka mama stendi. Kiroba alishampa Tereza. Kabla ya kupanda basi akaniambia, "Ndoo haiji tena. Dagaa wangu nitakula mwenyewe. Wewe una mshahara, ule."

Hakugeuka kunipungia.

Siku hizi nalipa kile wanachokata Bodi, basi. Kwenye grupu niliwaandikia walimu haya yote, jamaa mmoja akacheka. Kila Jumapili nampigia mama, tunatajiana tulichokula wiki nzima, na kama nikisita kidogo anauliza tena.

Wewe unayelipa mkopo wa chuo, jibane, sikukatazi. Acha kubeti, acha chipsi, vaa viatu mpaka soli ziombe likizo. Ila mpigie huyo aliyekusomesha. Mwambie ukweli kilichomo kwenye sahani yako, halafu muulize na yeye kwenye sahani yake kuna nini, na usikubali akijibu tu kwamba yuko vizuri. Mimi nilikubali hilo jibu, na yeye akalikubali la kwangu, tukalishana uchafu kwa upendo.

Deni lipo, duka bado. Mama sasa anakula dagaa wa chanja. Anawatafunia upande mmoja tu.