Nilivyomwacha Dada Yangu Chini ya Godauni

Fomu ile niliijaza mimi, na kwa sababu ya neno moja nililoandika, dada yangu amelala chini ya sakafu ya godauni.

Tulikaa katika nyumba za zamani za wafanyakazi wa kiwanda cha nguo, hapa Eldoret. Baba alitoka upande wa ziwa kuja kufanya kazi hapo. Alipofariki tulimsafirisha tukamzika nyumbani, Mama akarudi kwenye nyumba ile ile. Kisha kampuni ya umma iliyopewa ardhi hiyo ikatangaza kwamba itabomoa na kujenga maghala na karakana za kisasa. Sisi tungehamishiwa kwenye fleti ng'ambo ya mji. Nisidanganye, nilifurahi. Paa lilivuja, na choo tulitumia na majirani watano.

Ofisa aliyetumwa kwetu alikuwa msichana mpole, mwenyeji wa huku huku Uasin Gishu, mwenye buti za matope na fomu ya kuorodhesha kila kilichokuwa kwenye ploti. Mama alimpa chai. Mimi, mwalimu, msomi wa nyumba, nilishika kalamu. Miparachichi, miwili. Banda la kuku, moja.

"Na kaburi, Mama, iko yoyote hapa?"

Mama alifungua mdomo. Nikamkatiza nikicheka. "Sisi watu wa ziwa hatuzikangi mtu town, madam. Tunabeba watu wetu mpaka nyumbani."

Nikaandika *hakuna*. Mama akamwongezea mgeni chai, kisha akatia sahihi pale nilipomwonyesha.

Siku ya kuhama, tingatinga lilikuwa limeshafika kwa jirani. Mama alikataa kupanda lori. Alisimama nyuma ya jikoni, mikono kichwani.

"Huyu nitamwacha aje?"

Nilidhani anasema kuku. Nikamwambia kuku wote wamo kwenye lori.

Ndipo aliponiambia. Kabla yangu alizaa msichana, akaishi siku nne. Mtoto mchanga kiasi hicho hakusafirishwa. Akina mama wa pale walimzika asubuhi nyuma ya jikoni, bila msalaba, bila kilio. Baba hakumtaja tena, wala Mama. Mdomo huponza kichwa, wanasema. Wangu ulimponza mtoto.

Nilikimbia hadi ofisi ya kampuni. Yule msichana alifungua faili, akaniwekea mwandiko wangu mbele ya macho.

"Mwalimu, si ungesema tu? Wengine tulihamisha na pastor, vizuri kabisa. Sasa site iko kwa kontrakta."

Alipiga simu hata hivyo, mara tatu, machozi yakimlengalenga. Ilipopokelewa, nyuma ya jikoni palikuwa pameshasawazishwa.

Jioni, kwenye fleti inayonuka rangi mpya, nilimuuliza Mama kwa nini hakusema mbele ya mgeni.

"Ulikuwa unajua kila kitu," alijibu, bila hasira. "Mimi mtanipeleka nyumbani kwa baba yenu. Yeye atabaki na nani hapa?"

Nililia mbele yake, mtu mzima mimi, na ni yeye aliyenibembeleza.