Mpima Aliyeomba Afutwe

Shemeji yangu Projestus hakuwa mtu wa kuchekesha. Ukikaa naye barazani kwake Temeke, chai imeletwa, mihogo imeletwa, utadhani sasa atakuuliza habari za nyumbani. Kumbe ameshautazama ukuta wa jirani na anakwambia umepinda. Dada yangu Tekla alifunga naye ndoa kwetu Bukoba, akamfuata Dar es Salaam mwaka wa Uhuru, na alizoea kusema ameolewa na mnyororo wa kupimia. Mimi nilikuja baadaye kusomea upigaji taipu, nikakaa kwao, nikazoea. Kila nyumba ina ugonjwa wake.

Kazi ya upimaji ardhi aliianza kwa kuburuta huo mnyororo nyuma ya Mzungu, kisha akasoma, akapata leseni yake mwenyewe. Lakini kuna jambo lililokuwa linamkera kuliko jua na miiba. Leseni ya mpima ilikuwa mkononi mwa mtu mmoja. Zamani mtu huyo alikuwa Mzungu. Sasa alikuwa mkubwa wetu wenyewe, na akichukia kwamba hukumsogezea shemeji yake kiwanja, ulikuwa umekwisha.

"Daktari anahukumiwa na madaktari wenzake," alikuwa akisema. "Kwa nini mpima ahukumiwe na mtu asiyewahi kuchimbia hata jiwe moja la mpaka?"

Yeye na wenzake walihangaika miaka. Walikutana Chang'ombe kwenye darasa la kuazima, watu wazima wamekunja magoti kwenye madawati ya watoto, wakibishana nani awe mwenyekiti, kamati iwe na watu wangapi, nani amhukumu nani. Mwishowe wakapata walichokitaka, Baraza lao wenyewe, lenye orodha yake ya wapima na kamati yake ya maadili. Mimi wakanipa kazi ya karani. Kwa hiyo ninayoyasimulia sikuyasikia kisimani. Nilikuwa chumba hichohicho, vidole kwenye taipu.

Sura ya maadili aliiandika shemeji. Kanuni aliyoipigania kuliko zote ilikuwa hii: mpima akijua kwamba jiwe la mpaka limehamishwa, akanyamaza na kuitia ramani sahihi, afutwe kwenye orodha, na Baraza litangaze kosa hilo ili aliyeumizwa apate haki yake. Wenzake walisema ni kali mno. Akawajibu kwamba mtu wa kawaida hajui kusoma ramani, na mtu asiyejua kusoma anachokuwa nacho ni imani tu. Kanuni ikapita.

Wa kwanza kuangukiwa na kanuni hiyo alikuwa kijana aitwaye Kornelio. Alipima Kigamboni, akakuta jiwe limesogezwa na watu wa upande wa mama mkwe wake, akaona aibu kuwasema. Mbele ya kamati alilia. Mke wake alikuwa ndiyo kwanza amejifungua. Shemeji alikuwa mmoja wa waamuzi, na hakupepesa macho.

"Hapa hatupimi huruma," alisema.

Kornelio akafutwa, akaishia kupakia mifuko ya saruji Wazo. Jioni ile nilipakua ugali kwa hasira, chungu kikagonga meza, na shemeji akala bila kuinua uso. Nilidhani ni ugumu wake wa siku zote.

Zilipita mvua kadhaa. Siku moja akaja nyumbani mtu nisiyemfahamu, mchonga vinyago kutoka kusini, jina lake Fransis. Mikono yake ilikuwa na vumbi la mpingo mpaka kwenye viwiko. Alikuwa ameelekezwa kwamba mpima aliyechora barabara mpya ya Mtoni anakaa hapa.

"Shikamoo, mzee," alisema, hakutaka kukaa. "Mie nina nyumba pale Mtoni. Kiwanja nilipewa kihalali, nikaoneshwa na bwana ardhi mwenyewe, mawe yapo. Sikuwa na uwezo, nikakaa nacho miaka, ndipo nikajenga. Juzi wamekuja watu wa barabara, wameipiga nyumba alama nyekundu. Wananiambia nimejenga barabarani. Nikasema nimuulize mwenye ramani."

"Wamekwambia utapata kiwanja kingine?" shemeji aliuliza.

"Wamesema aliyejenga barabarani kwa ujinga wake hapati kitu. Ila kama mpima ndiye aliyekosea, na wapima wenyewe wakasema hivyo, basi nitapewa. Sasa mzee, mie simtuhumu mtu. Nauliza tu."

Shemeji alimwambia arudi nyumbani, atalishughulikia. Fransis alipoondoka, chai ya shemeji ilikuwa imepoa, haijaguswa. Ndipo alipotueleza, dada na mimi, jambo ambalo dada hakuwahi kulisikia katika ndoa yao yote.

Mwaka mmoja kabla ya hukumu ya Kornelio, alikwenda Mtoni kupima njia ya barabara ile. Mstari wake ulipita pembeni mwa uwanja wa Bi Zuena, mama wa Kimwera aliyekuwa amewazika hapo watoto wake wawili waliokufa kwa surua. Bi Zuena alikuwa amesikia kwamba barabara itapita juu ya makaburi. Siku ambayo mtaa mzima ulikwenda kwenye kazi za kujitolea, yeye na kaka yake wakayang'oa mawe mawili ya mpaka, wakayasogeza yote mawili kwa hatua zilezile, wakayafukia vizuri. Shemeji alipopima kutoka jiwe moja hadi la pili, hesabu ilikubali. Mpima mwingine angefunga vyombo vyake akaenda zake. Lakini desturi ya kazi yao ni kwamba huyaamini mawe mawili mpaka umeliuliza la tatu, na jiwe la tatu, kule karibu na msikiti, lilikataa.

Alirudi akautazama udongo, akaona umechimbwa upya. Bi Zuena alikuwa amekaa kando ya makaburi anamenya mihogo.

"Mama, haya mawe yamekuwa hapa siku zote?"

"Mie habari ya mawe siijui, baba," alijibu. "Najua waliolala hapa."

Ng'ambo ya pili kulikuwa na shamba la mihogo tu na vichaka. Shemeji alijiambia kwamba barabara ikisogea kidogo upande ule haitamuumiza mtu. Akatia sahihi. Hicho kidogo ndicho kilichokuja kuikata nyumba ya Fransis katikati.

Dada alianza kulia. Mimi nilishindwa kulia, nilikuwa nachemka.

"Kornelio ulimfuta ukiwa unajua?" nilimuuliza.

"Nilijua, shemeji."

"Na ukala ugali wako."

"Nilidhani nikiwa mkali kwake, langu litapungua," alisema. "Halikupungua."

Nilimchukia usiku ule, sitaficha. Lakini asubuhi alivaa suti yake ya kanisani, akaenda kujishtaki Barazani, na chuki yangu ikakosa pa kukaa. Alikuwa na jambo moja tu analolitaka: afutwe, kosa litangazwe, Fransis apate kiwanja. Barabara ilikwisha kumwagwa kifusi, makaburi ya Bi Zuena yalikuwa salama hata mkosaji angetajwa. Hakuna ambaye angepoteza kitu isipokuwa yeye.

Mwenyekiti wa Baraza wakati huo alikuwa Revelian. Yeye na shemeji walitoka Bukoba kwenye meli moja, na kwenye darasa lile la Chang'ombe walikaa dawati moja. Alimsikiliza mpaka mwisho, miwani ameivua. Kisha akaniambia nisiandike kwanza.

"Projestus, unajua unachokiomba?"

"Naomba kanuni yangu."

"Nisikilize. Sie Baraza letu bado changa. Wako wanaosema wapima hawawezi kujisimamia, leseni zirudi mkononi mwa mtu mmoja kama zamani. Wanangoja tujikwae tu. Kesho tukitangaza kwamba aliyeandika maadili yetu ndiye aliyeyavunja, tutasimama wapi? Watatunyang'anya Baraza, ndugu yangu. Kazi ya ujana wetu wote."

"Na Kornelio?"

"Kornelio alikuwa mtoto. Hakuna aliyemfahamu."

Shemeji aliwatazama wajumbe mmoja mmoja. Walikuwa watu aliowafundisha kazi. Mmoja alikuwa anakuna kidole gumba, mwingine amegeukia dirishani. Akawaambia twendeni Mtoni, chukueni vyombo, ulizeni jiwe la tatu, nusu siku inatosha. Hakuna aliyeinuka.

"Kuna mtu ataikosa nyumba yake," alisema. "Anaitwa Fransis. Anangoja neno lenu."

"Mzee wetu umechoka," Revelian alisema, kwa upole kabisa. "Umefanya kazi kubwa. Mtu akichoka huanza kujitilia shaka."

Uamuzi ulikuwa mfupi. Baraza limechunguza ramani ya Mtoni na halikuona kosa. Baraza lina imani na mwasisi wake na linamtakia mapumziko mema. Waswahili tuna neno letu, funika kombe mwanaharamu apite, na siku ile nililiona kombe lenyewe na waliolifunika. Waliponiambia niupige taipu nikasema utepe wa mashine umekwisha. Wakaniletea utepe mwingine. Nikachukua mkoba wangu nikatoka, wakampata mwenye vidole vyepesi zaidi.

Shemeji hakukata tamaa mara moja. Alikwenda kwa watu wa barabara akawaambia kwa kinywa chake kwamba alikosea. Wakamheshimu, wakampa kiti, wakamwambia wao hawasikilizi mpima mmoja, wanasikiliza Baraza. Na Baraza limekwisha kuwajibu. Utaratibu huo alikuwa ameudai yeye mwenyewe, miaka yote ile, ili mtu mmoja asije akaamua peke yake. Aliporudi nyumbani alikaa barazani na hakuutazama ukuta wa jirani. Dada akampelekea chai, akairudisha ndani kama ilivyo.

Siku ya kubomoa ilipotangazwa, alitaka kwenda Mtoni, nami nikamfuata kwa kuwa dada alihofia atadondoka njiani. Tulimkuta Fransis juu ya paa anang'oa mabati kabla tingatinga halijafika. Mke wake, Bernadeta, alikuwa anapanga vyungu kando ya kifusi, mtoto mgongoni. Ng'ambo ya barabara Bi Zuena alikuwa amesimama mlangoni kwake, akatuona, akaingia ndani.

Fransis alishuka, akafuta mikono kwenye suruali, akaamkia. Sikuona hasira usoni mwake. Niliitafuta, maana ningefarijika kuiona.

"Hongera, mzee," alisema. "Nimesikia Baraza limekusafisha."

"Fransis, sikiliza. Hukukosea. Mie ndiye..."

"Usinionee huruma, mzee wangu. Nilikuwa na wasiwasi na nyie, sasa sina. Ungekuwa mtu mmoja ningesema labda kakosea. Lakini wale ni wapima watupu, wamekaa, wametazama, wamesema mstari uko sawa. Hawawezi kukosea wote. Basi mie ndiye niliyejenga barabarani. Nimemwambia na mke wangu anisamehe."

Bernadeta alisikia, akaendelea kupanga vyungu.

Shemeji alipiga hatua kumfuata. Fransis alikuwa amekwisha kurudi kwenye ngazi. Kutoka juu akamwomba, kama hataona taabu, amshikie bati upande wa pili lisije likakunjika. Shemeji akavua koti la suti, akanipa, akainua mikono kulipokea.